Dereva Aliyekataa Kuondoka Saa Tisa Usiku: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Njia ya Arua

Kisa hiki kinahusu dereva wa basi la abiria kati ya Kampala na Arua. Usiku mmoja wa Oktoba 2024 alikataa kushika usukani saa tisa usiku, kwa kuwa alikuwa ametoka Kampala alfajiri ya siku hiyohiyo na kumaliza kushusha mizigo Arua saa tatu usiku. Basi likaondoka na dereva mwingine, likafika Kampala salama. Yeye hakuitwa tena kazini. Nilishiriki kuandaa faili lake upande wa chama cha wafanyakazi wa uchukuzi, na kwa ridhaa yake nakieleza bila jina lake, bila jina la kampuni wala la meneja wa tawi. Wanaoijua njia hii huenda wakamtambua mtu. Nawaomba wamwache apumzike.

Nimekichagua kwa makusudi kisa kisicho na ajali. Ajali huja na picha, ripoti ya polisi, majeruhi wa kuhojiwa na mbunge wa kutoa pole. Mtu aliyesema "siendi" kabla ya ajali haji na chochote. Anakuja na neno lake tu, na basi lililofika salama linasimama kama shahidi dhidi yake. Ukitaka kujua usalama wa wafanyakazi wa mabasi Uganda umesimama wapi, angalia anavyotendewa mtu huyu.

Daraja lilipofungwa

Tarehe 23 Septemba 2024 daraja la Karuma, ambalo barabara ya Kampala kwenda Arua huvukia Nile, na lililokuwa linatumika tangu mwaka 1963, lilifungwa kwa matengenezo. Agizo lilitoka kwa UNRA, mamlaka ya barabara ya wakati ule, ambayo muda mfupi baadaye kazi zake zilirudishwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Malori makubwa ya kwenda West Nile, eneo ilipo Arua, yalielekezwa kuzunguka upande wa Soroti na Lira. Mabasi ya abiria na magari madogo yalikata kona Kafu kwenda Masindi, yakaingia mbuga ya Murchison Falls, yakavuka Nile kwa daraja la Paraa na kutokea Pakwach.

Kwa kilomita, njia ile haikuwa ndefu kupindukia. Tatizo lilikuwa mbuga. Ndani yake huruhusiwi kukimbia, langoni kuna foleni na ukaguzi, na magari ya abiria yalitakiwa kuvuka mchana. Zamani basi lililotoka Arua jioni lingekimbia usiku kucha na kuingia Kampala alfajiri, na dereva wake angelala mchana mzima kabla ya kurudi. Lango lilipoanza kupanga ratiba, safari za usiku zikafa. Kila kampuni ikataka basi lake liwe Pakwach mapambazuko, maana yake liondoke Arua saa tisa au saa kumi usiku. Basi lililofika jioni likawa ndilo linaloondoka usiku huohuo. Gari halichoki, ukilitia mafuta linakwenda. Ratiba ikapangwa kwa kufuata gari, mtu akabandikwa juu yake.

Malipo nayo hayakuguswa. Kwenye kampuni hii, kama zilivyo nyingi, dereva hulipwa kwa safari: ukienda unapata, usipoenda hupati. Konda ana posho yake, na taniboi, kijana msaidizi wa gari, hula anachokatiwa na hao wawili. Hakuna mshahara wa mwezi wala karatasi inayosema saa za kazi. Njia ikiwa nyepesi mpango huo hauonekani kuwa mbaya. Siku ukitumia saa kumi na tano mahali ulipozoea kutumia tisa, unakuwa umewapa tajiri mwenye gari na abiria saa sita za bure, na mwenye kuzilipia ni usingizi wako.

Kilichotokea

Siku yenyewe dereva alikuwa stendi ya Kampala saa kumi usiku kusimamia upakiaji. Aliondoka saa kumi na moja alfajiri. Mizigo ilishushwa Luweero na Masindi, langoni wakasubiri, na baada ya Nebbi tairi ya nyuma ikapata pancha. Arua waliingia saa mbili usiku, vifurushi vikamalizwa kukabidhiwa saa tatu. Ukihesabu tangu upakiaji, ni saa kumi na saba kazini. Alikuwa anajiandaa kulala kwenye viti vya nyuma, ambako ndiko madereva wengi hulala, alipoitwa ofisini. Deiwaka, yaani dereva wa kibarua, aliyepangiwa safari ya usiku alikuwa hajatokea.

Mazungumzo yalikuwa mafupi, na wote wawili wanayasimulia karibu sawasawa, jambo lililotusaidia baadaye.

"Mzee, gari lazima liwahi lango."

"Bosi, mimi sijalala. Nipe hadi kesho kutwa."

"Nani hapa amelala, mzee?"

"Ndiyo maana nasema siendi."

"Basi acha funguo mezani."

Akaziacha. Usiku ule akapatikana dereva mwingine, aliyekuwa ameingia jioni na gari lake kutoka Koboko. Kama yeye alikuwa amelala, hakuna aliyemuuliza. Siku ya pili mchana meneja aliandika kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi kwamba gari limefika salama, Mungu ni mwema. Wenzake wakajibu kwa vidole gumba. Ujumbe ule tuliuweka kwenye faili, na upande wa kampuni nao ukauweka kwenye lao, kila mmoja kwa sababu zake.

Wenzake kazini

Hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa masimulizi ya vyama vya wafanyakazi hupenda kuonyesha tajiri upande mmoja na wafanyakazi wote upande wa pili wakiwa wameshikana mikono. Haikuwa hivyo. Madereva wa kampuni ile walikuwa wanaitumia ratiba mpya. Badala ya safari tatu au nne kwa juma, mtu aliweza kufika tano. Kila safari ina pesa yake, na Februari ya ada za shule ilikuwa haiko mbali. Mmoja alimwambia mbele yangu, "Mzee, unatuharibia kazi. Wakiweka madereva wawili kwa gari, safari zetu zitagawanywa."

Hakuwa mjinga aliyesema hivyo. Alikuwa anasoma hesabu vizuri kuliko waandishi wa ripoti za usalama barabarani. Malipo ya kwa safari humfanya aliyechoka kuwa mtetezi wa uchovu wake. Kampuni haina haja ya kumlazimisha mtu kuendesha akiwa na usingizi, inatosha kupanga malipo namna hiyo na kuliacha tumbo limalize kazi. Ukija na somo la usalama, ukabandika bango la "lala vya kutosha" kwenye ukuta wa ofisi ambayo haina hata kitanda cha dereva, unacheka na watu.

Konda wake ndiye aliyekubali kutoa maelezo, na taniboi, kijana ambaye jina lake halikuwa kwenye karatasi yoyote ya kampuni. Madereva wengine walinyamaza. Siwalaumu sana.

Kuna sababu ya kihistoria pia ya ukimya huo. Chama cha madereva si kitu kigeni Uganda: ATGWU, chama kikongwe cha wafanyakazi wa uchukuzi, kilianza mwaka 1938 kikiwa chama cha madereva wa magari. Kilikuwa na nguvu enzi za kampuni kubwa za mabasi, wakati dereva ana mwajiri anayejulikana, sare na siku ya mshahara. Mabasi hayo yalipokufa na takisi za viti kumi na vinne kushika barabara, kilichotawala stendi za Kampala ni UTODA, iliyoundwa 1986 ikiwaweka wenye takisi na madereva kwenye chama kimoja, hadi jiji lilipochukua usimamizi wa stendi baada ya KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, kuanza kazi 2011. Mazoea yake yangalipo hadi leo. Mpaka sasa, ukimwambia dereva wa Arua neno "chama", anafikiria mkutano ambao tajiri wake amekaa kiti cha mbele. Malalamiko ya faini za trafiki na ushuru wa stendi utayasikia pale, kwa sababu yanawauma wote wawili. Malalamiko ya saa za kazi hayawezi kutajwa, maana anayelalamikiwa ndiye mwenyekiti. Miaka ya karibuni ATGWU imevuta ndani madereva wa takisi na boda boda kwa makundi, steji kwa steji, na wanachama wake wameongezeka mno. Mabasi ya masafa marefu yamebaki nyuma: wafanyakazi wake wako njiani daima, na nusu ya kundi haliko mji mmoja siku moja.

Hakufukuzwa, hakuitwa tu

Baada ya tukio hakuna barua iliyotoka. Hakuitwa kwenye kikao cha nidhamu, wala hakuna aliyemwambia "umefukuzwa". Jina lake halikuonekana kwenye ratiba ya juma lililofuata, wala la baada yake. Alipopiga simu aliambiwa asubiri, gari liko gereji. Akasubiri.

Huu ndio mtego mkubwa zaidi katika kisa hiki, na ningependa kila konda na dereva aujue. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa aliyeachishwa kazi isivyo haki miezi mitatu kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba, yaani afisa wa serikali wa masuala ya kazi, kuanzia siku alipoachishwa. Afisa anaweza kuongeza muda kukiwa na sababu ya haki, lakini ombi hilo ni la kubembeleza. Sasa mtu ambaye hakuambiwa ameachishwa ahesabu kuanzia siku gani? Anayesubiri simu kwa heshima, akiamini gari liko gereji, anaweza kuamka siku moja akakuta mlango umefungwa. Kampuni zinalijua hilo. Ukimya wao haukuwa uzembe.

Tulichokitumia ni kundi lile la WhatsApp. Majuma matatu baada ya kuacha funguo, simu yake iliandika kwamba meneja amemtoa kwenye kundi, na tarehe ikaonekana. Ratiba za kampuni zilikuwa hazitangazwi popote isipokuwa kundini. Kumtoa mtu mle ni kumnyima kazi. Tuliandika tarehe hiyo kama siku ya kuachishwa, tukapeleka malalamiko Novemba ileile. Kampuni ilicheka hoja hiyo kwenye kikao cha kwanza. Afisa hakucheka, aliomba simu aione mwenyewe.

Karatasi za mtu asiye na karatasi

Kampuni ilileta hoja tatu. Kwanza, huyu si mwajiriwa, ni mtu wa safari, hana mkataba. Pili, aliacha kazi mwenyewe kwa kuweka funguo mezani. Tatu, kama ana malalamiko ayapeleke Kampala, kwa kuwa makao makuu yako kule. Hii ya tatu ilitupotezea muda kuliko zote mbili za kwanza. Kumrudisha Kampala mtu asiye na kipato, tena kwa nauli ya basi, ni njia nzuri ya kuua kesi. Bahati nzuri funguo ziliwekwa kwenye meza ya Arua, na afisa akakubali kusikiliza.

Hoja ya kwanza ndiyo huwatisha wengi, na haina uzito inaoonekana kuwa nao. Sheria ya Uganda inautambua mkataba wa kazi wa mdomo. Tena jukumu la kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi ni la mwajiri. Kanuni za Ajira za 2011 zinasema mtu hawezi kuwekwa kibarua zaidi ya miezi minne. Akivuka hapo anastahili mkataba wa maandishi. Huyu alikuwa na miaka sita. Kilichobaki ni kuonyesha kwamba miaka hiyo ipo na kwamba kazi ilipangwa na kampuni, hakujipangia yeye.

Tulikusanya vitu vya kawaida kabisa. Ujumbe wa pesa za simu ulikuwa mgodi: kila safari ofisi ilimtumia pesa za mafuta na za njiani, na kila ujumbe una tarehe, saa na jina la mtumaji. Aliyekuwa na simu moja kwa miaka mingi ana daftari la kazi mfukoni bila kujua. Risiti ya fundi wa tairi wa Nebbi ilionyesha alikuwa wapi jioni ile. Picha za ratiba kundini zilionyesha nani aliamuru. Konda alikuwa ametunza orodha za abiria, na jina la dereva limeandikwa juu ya kila moja. Taniboi hakuwa na karatasi, ila alikumbuka mji kwa mji, na maelezo yake yaliingiana na risiti.

Kutoka hapo tukajenga jedwali la majuma matatu. Kwa nini matatu? Sheria inaweka saa 48 za kazi kwa juma, na kwa makubaliano zinaweza kufika 10 kwa siku au 56 kwa juma. Lakini inawapa waajiri wa kazi za zamu mwanya: unaweza kuzidisha siku moja, au juma moja, mradi wastani wa majuma matatu usipite saa 10 kwa siku au 56 kwa juma. Kwa maneno mengine, zile saa kumi na saba za siku moja, ambazo kila aliyesikia alishika kichwa, peke yake huenda zisivunje kitu. Wakili wa kampuni alilisema hilo kwa sauti ya mtu aliyeshinda. Jedwali likamjibu. Safari tano kwa juma, kila moja saa kumi na mbili kwa uchache, ni saa 60 kabla hujagusa upakiaji, na ilikuwa hivyo juma baada ya juma. Madai ya "nilikuwa nimechoka" yaligeuka kuwa namba, na namba haijali kama basi lilifika salama.

Kama kuna kitu kimoja cha kuigwa katika faili lile, ni hicho. Mtu akidai uchovu, kampuni humleta dereva mwingine aseme hakuchoka. Akidai saa, wanalazimika kuleta saa zao, na hawazitunzi.

Hoja ya usalama iliyoachwa mlangoni

Sasa nifike mahali ambapo sikukubaliana na viongozi wa chama, na bado sikubaliani.

Ibara ya 40 ya Katiba ya 1995 inazungumzia haki ya kufanya kazi katika mazingira salama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake kadiri inavyowezekana, inataka kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi wasiopungua ishirini, na inamkinga mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari. Kampuni ya mabasi yenye magari kadhaa huvuka ishirini kwa madereva na makonda tu. Hapakuwa na kamati. Palikuwa na hoja nzima ya kusema kwamba funguo zile mezani hazikuwa utoro, zilikuwa haki ya kisheria iliyotumiwa na mtu aliyejua hatari iliyo mbele yake.

Viongozi waliogopa swali moja: je, usingizi ni hatari ya sasa hivi? Breki zilizokatika unaweza kumwonyesha mkaguzi. Tairi lililochanika unapiga picha. Usingizi hauna picha. Walihofia kupoteza hoja hiyo na kuharibu ile ya mshahara, iliyokuwa imara. Nawaelewa, lakini hofu hiyo imetufikisha mahali ambapo hakuna anayeshika jambo hili. Kwenye vizuizi vya barabarani askari wa trafiki huuliza leseni, bima na hali ya matairi. Mimi sijasikia mmoja akimuuliza dereva wa basi amelala saa ngapi. Wakaguzi wa kazi wako chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, ni wachache, na desturi yao ni kiwanda na jengo linalojengwa. Basi linapita katikati yao, polisi wakiliona ni gari, wizara ya kazi ikiliona ni barabara.

Na kama lingepinduka? Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2000 inasema mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazini, familia yake hulipwa mapato ya miezi 60. Tuseme dereva ana mapato ya shilingi 400,000 kwa mwezi yanayoweza kuthibitishwa: hiyo ni milioni 24. Kwa taniboi ambaye hayuko kwenye orodha yoyote na analishwa na konda, sitini utaizidisha mara ngapi? Kijana yule alituuliza swali hilo kikaoni, kwa Kiswahili cha stendi. Afisa alinyanyua kalamu, akairudisha chini.

Kilichowaamsha ni NSSF

Mambo yalisogea kwa sababu ambayo haikuwa ya usalama wala ya kufukuzwa. Tulipouliza michango ya miaka sita ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hapakuwa na mchango hata mmoja. Mwajiri anatakiwa kutoa 10% ya mshahara na kukata 5% ya mfanyakazi. Na tangu marekebisho ya 2022 hakuna tena kisingizio cha idadi ya wafanyakazi, kila mwajiri anahusika. Anayechelewesha hutozwa adhabu. Wakili aliyekuwa mchangamfu juu ya wastani wa majuma matatu aliomba kikao kiahirishwe. Alijua kwamba mkaguzi wa NSSF akija kwa ajili ya mtu mmoja, ataomba orodha ya wote.

Kikao kilichofuata walikuja na hundi. Notisi ya miezi miwili, kama sheria inavyotaka kwa mtu aliyefanya kazi zaidi ya miaka mitano na chini ya kumi. Kiasi fulani cha kiinua mgongo, kilichofikiwa kwa kuvutana. Michango ya NSSF ya dereva huyu kulipwa. Malipo ya safari mbili walizokuwa wamezishikilia. Kwa mtu wa Arua mwenye watoto shuleni, ilikuwa pesa ya maana, na alipotaka kusaini hakuna aliyekuwa na haki ya kumzuia. Makubaliano yaliandikwa Kiingereza, nikamsomea kwa Kiswahili mstari kwa mstari, akasaini.

Rasimu yetu ilikuwa na kifungu cha saa: hakuna dereva kuondoka Arua au Kampala kabla ya kupumzika saa tisa mfululizo, na safari ya zaidi ya saa kumi iwe na madereva wawili, wa pili akilipwa hata akiwa amelala. Kampuni iliomba kiondolewe kwa sababu "hakimhusu mlalamikaji". Viongozi wetu wakakubali ili hundi isirudi mfukoni. Hapo ndipo nilipopinga. Kisa kilianza kwa mtu kusema siwezi kuendesha nikiwa na usingizi, kikaisha kwa karatasi ambayo neno usingizi halimo. Mtu akiisoma leo ataona mgogoro wa notisi na michango.

Chama kiliahidi kukirudisha kifungu kile kwa barua, kikidai kwa niaba ya madereva wote wa kampuni. Barua iliandikwa mwanzoni mwa Desemba. Kampuni ikajibu kwa adabu kwamba inatafakari, na ni kweli kwa majuma mawili hivi mabasi mengine yalionekana na madereva wawili. Tarehe 23 Desemba 2024 daraja la Karuma likafunguliwa tena. Safari za usiku zikarudi, na kampuni ikaandika kwamba hali iliyosababisha ombi haipo tena.

Hali yenyewe ipo. Daraja lilifanya saa za kazi zionekane tu, kwa kuwa lango la mbuga liliziminya mahali pamoja. Dereva wa usiku anayelipwa kwa safari bado ana sababu ileile ya kukubali safari ya pili. Ripoti ya polisi ya 2024 ilihesabu watu 5,144 waliokufa barabarani, kutoka 4,806 mwaka uliotangulia. Usiku wa kuamkia 22 Oktoba 2025, kwenye barabara ya Kampala–Gulu wilayani Kiryandongo, mabasi mawili yaliyokuwa yanaovateki kutoka pande mbili yaligongana uso kwa uso mara tu baada ya saa sita usiku, na magari mengine yakaingia humo. Polisi walitangaza kwanza vifo 63, wakarekebisha kuwa 46. Chanzo walichotaja ni kuovateki kwa hatari. Mazungumzo yaliyofuata, redioni na kwenye stendi, yalihusu mwendo kasi, leseni na kamera. Hayo yote yana mahali pake. Ila sikumsikia mtu akiuliza madereva wa mabasi ya usiku hulipwaje, na hulala wapi wakifika.

Tawi letu sasa linawafundisha makonda kuandika saa. Ni daftari la kawaida: upakiaji ulianza lini, gari liliondoka lini, lilifika lini, mzigo wa mwisho ulikabidhiwa lini, nani alishika usukani. Konda ndiye anafaa, kwa kuwa tayari anaandika abiria na hashukiwi. Majuma matatu ya daftari hilo yanatosha kumpeleka mtu kwa afisa wa leba bila kungoja tairi lipasuke. Tunataka pia kamati ya usalama ya kisheria kwenye kampuni mbili za njia hii, na safari hii ombi limeandikwa kwa Sheria ya 2006 likiwa peke yake, bila kuchanganywa na madai ya mshahara ya mtu yeyote. Kampuni moja haijajibu. Nyingine imetuma jina la mwakilishi wa madereva, ambaye ni shemeji wa tajiri.

Dereva mwenyewe anaendesha takisi ya viti kumi na vinne kati ya Arua na Koboko. Analala nyumbani kila siku. Hesabu ya tajiri anaipeleka jioni, na mkataba wa maandishi hana huko pia.